Bembea na Mkono: Sitiari ya Pendulamu na Swali la Wajibu

Miongoni mwa sitiari zinazotumiwa sana katika fasihi ya Kiswahili na katika mazungumzo ya kila siku, sitiari ya bembea ina bahati ya kutoulizwa maswali. Maisha hupanda na kushuka. Aliye chini leo atakuwa juu kesho. Historia huenda huku, kisha ikarudi kule. Msomaji huafiki, mhakiki huandika neno "sitiari" pambizoni mwa ukurasa, na uchambuzi huendelea na mambo mengine. Makala haya yanakusudia kuisimamisha sitiari hiyo kwa muda na kuiuliza swali la kimaadili: je, ni halali kumwambia mtu aliyefikwa na msiba kwamba maisha ni bembea? Na ikiwa ni halali, ni nani mwenye haki ya kulitamka neno hilo, na mbele ya nani?

Swali hili si la kinadharia tu. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni, Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walifariki. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti, na kwa majuma kadhaa nchi nzima ilizungumza juu ya usalama wa mabweni. Kisha mazungumzo yakapungua, kama yalivyopungua baada ya Bombolulu mwaka 1998, baada ya Kyanguli mwaka 2001, na baada ya Moi Girls ya Nairobi mwaka 2017. Mtu anayeutazama mfululizo huo kwa mbali anashawishika kuuita bembea: ghadhabu, kimya, ghadhabu, kimya. Ushawishi huo ndio unaochunguzwa hapa.

Neno lenyewe

Kiswahili hakikungoja masomo ya fizikia ili kipate maneno ya mwendo huu. Kipo kuning'inia, kipo kuyumba, kipo kuwayawaya, na kipo kubembea, ambacho wengine hukitamka kupembea. Fizikia ya shuleni iliongeza pendulamu, neno la mkopo ambalo halijawahi kutoka nje ya maabara na duka la saa. Lililo karibu zaidi na pendulamu katika kazi za watu ni timazi: uzi na kipande cha chuma au risasi anachotumia mwashi kupima kama ukuta umesimama wima. Timazi ni pendulamu iliyotulia. Mwashi huisubiri imalize kuyumba ndipo aiamini, na atakayepima kabla haijatulia atajenga ukuta uliopinda.

Lakini neno lenye utajiri zaidi kwa mhakiki ni bembea. Katika uainishaji wa fasihi simulizi unaofundishwa nchini Kenya, bembea ni jina mojawapo la nyimbo za kulaza watoto, pamoja na bembelezi na pembejezi. Kubembea na kubembeleza ni maneno ya shina moja. Mtoto aliaye hutikiswa huku na huko mikononi au mgongoni, na mwendo huo humnyamazisha kabla hata maneno ya wimbo hayajaeleweka. Kwa hiyo anayesema kwa Kiswahili kwamba maisha ni bembea hasemi tu kwamba maisha hupanda na kushuka. Amekwisha kuanza kubembeleza. Faraja imo ndani ya neno, na haihitaji hoja ili ifanye kazi.

Hilo si kosa la neno. Mtoto anastahili kubembelezwa, na mfiwa pia. Hata hivyo bembelezi ina sifa moja ambayo kila mlezi anaijua: lengo lake ni usingizi. Sifa hiyo inafaa sana usiku, na haifai hata kidogo pale ambapo anayebembelezwa ana jambo la kudai.

Ala na kanuni zake

Kabla ya kuihukumu sitiari ni haki kukifahamu kile inachokiazima. Pendulamu sahili ina vitu vitatu: uzito, uzi, na mahali pa kuutundika. Uzito ukivutwa kando na kuachiliwa, uvutano wa dunia huurudisha katikati. Lakini ufikapo katikati tayari una kasi, kwa hiyo hupitiliza na kupanda upande wa pili hadi kasi iishe. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo alibaini kwamba muda wa kwenda na kurudi hautegemei uzito uliofungwa, wala hautegemei sana upana wa mwendo. Pendulamu yenye urefu wa mita moja huchukua takriban sekunde mbili kwenda na kurudi, iwe imefungwa jiwe au risasi. Ili muda huo uwe maradufu, urefu sharti uongezwe mara nne. Kanuni ya upana ina mpaka wake, kwani pendulamu iliyovutwa hadi nyuzi 90 huchelewa kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na ile inayotikisika kidogo. Lakini kwa mitikisiko midogo usawa wa muda unatosha, na Christiaan Huygens aliutumia kutengeneza saa mwaka 1656.

Hadi hapo sitiari na ala zinaafikiana. Zinaachana katika mambo ambayo sitiari huyasahau. Pendulamu iliyoachwa peke yake haipandi kamwe zaidi ya pale ilipoachiliwa. Hilo pekee lingetosha kuitilia shaka kauli kwamba aliye chini atapanda: atapanda hadi wapi? Tena hata kimo hicho hakifiki, kwa sababu hewa na msuguano wa mahali pa kutundikia humega kitu kila safari. Kila marudio ni madogo kuliko yaliyotangulia. Pendulamu isiyo na mtu wa kuishughulikia haina historia ya kupanda na kushuka milele. Ina historia ya kufifia, na mwisho wake ni kusimama wima, kama timazi.

Saa ya ukutani haitembei kwa sababu pendulamu hurudi. Hutembea kwa sababu kuna springi au uzito uliotiwa ufunguo na mtu, na gurudumu la meno linaloisukuma pendulamu kidogo kila inapopita. Bembea ya uwanjani ni hivyo hivyo: ama kuna mtu anayemsukuma mtoto, tena kwa wakati ufaao, ama mtoto mwenyewe anakunja na kunyosha miguu kwa juhudi. Mkono au mguu ukikoma, mwendo nao unakufa. Kurudi ni kazi ya uvutano, lakini kuendelea kurudi ni kazi ya mtu.

Kuna jambo jingine linalohusu mahali. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa yake kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuharibika, uvutano wa mahali pale ni hafifu zaidi. Afrika Mashariki nayo ilipimwa kwa njia hiyo. Kati ya 1899 na 1900 Wajerumani Kohlschütter na Glauning walizunguka na pendulamu katika koloni lao la Afrika Mashariki, na mwaka 1936 Edward Bullard wa Cambridge alichapisha vipimo vyake vya uvutano kutoka pande mbalimbali za eneo hili, likiwamo Bonde la Ufa. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa Mombasa, ikipandishwa hadi Endarasha, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ingechelewa kwa sekunde baina ya 20 na 30 kila siku. Inafaa kukumbuka pia kwamba Bullard alivisoma vipimo vyake kama ushahidi kwamba Bonde la Ufa limebanwa kutoka pande mbili, ilhali utafiti wa baadaye umethibitisha kwamba ardhi pale inavutwa na kutanuka. Pendulamu zake hazikusema uongo. Namba zilikuwa sahihi na masimulizi yaliyojengwa juu yake hayakuwa sahihi, hali ambayo wahakiki wa fasihi wanaifahamu vyema.

Beseni la Nanyuki

Léon Foucault alining'iniza mwaka 1851 katika jengo la Panthéon, Paris, uzito wa kilo 28 kwa waya wa mita 67, na watu wakaona ubapa wa mwendo wake ukigeuka polepole juu ya sakafu. Kilichogeuka ni sakafu, yaani dunia. Paris ubapa huo hukamilisha mzunguko kwa takriban saa 32. Kadiri ikweta inavyokaribia, mzunguko unazidi kuwa mrefu. Katika mji wa Nyeri ungechukua takriban miezi minne na nusu, na juu ya ikweta yenyewe haugeuki kabisa. Ni kinaya kizuri: mahali ambapo ardhi inakimbia kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine popote, takriban kilomita 1,670 kwa saa, ndipo pendulamu isipoonyesha lolote. Umberto Eco aliiandikia riwaya ala ya Foucault mwaka 1988, lakini aliiweka Paris, inakoonyesha mengi. Riwaya ya pendulamu iliyotundikwa ikweta bado haijaandikwa.

Kilichopo ikweta badala yake ni beseni. Huko Nanyuki, chini ya kibao cha ikweta, kwa miaka mingi watalii wameonyeshwa beseni lenye tundu na vijiti vinavyoelea: hatua chache kaskazini maji hugeukia upande mmoja yanapotoka, hatua chache kusini hugeukia upande wa pili, na juu ya mstari hushuka bila kuzunguka. Onyesho ni la kupendeza na maelezo yake si kweli. Nguvu inayotajwa, ile ile inayogeuza pendulamu ya Foucault, karibu na ikweta ni hafifu mno kiasi kwamba haiwezi kuyaongoza maji ya beseni. Kinachoyazungusha ni namna yalivyomiminwa na namna beseni lilivyogeuzwa lilipokuwa likibebwa. Ni mkono.

Haifai kumlaumu anayejipatia riziki kwa beseni. Watalii wamelipia pumbao na wamelipata. Lakini kwa mwanafunzi wa sitiari beseni hilo ni somo kamili. Mkono umefanya kazi, kisha ukafichwa, na kazi yake ikapewa jina la kanuni ya maumbile. Sitiari ya bembea inapotumiwa kueleza mambo ya jamii hufanya vivyo hivyo, na tofauti ni kwamba huko anayelipa si mtalii.

Je, sitiari inadaiwa ukamilifu?

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa heshima. Sitiari, litasema pingamizi hilo, haijawahi kudaiwa ibebe sifa zote za kifananishi. Anayesema kwamba Juma ni simba haulizwi ziko wapi manyoya za shingoni. I. A. Richards, aliyetenganisha kinachosemwa na kile kinachokibeba katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1936, hakudai kwamba viwili hivyo vilingane. Kwa nini basi bembea idaiwe msuguano na mahali pa kutundikia?

Jibu limo katika yale ambayo George Lakoff na Mark Johnson waliyaeleza mwaka 1980: kila sitiari huangaza upande mmoja na kuutia giza upande mwingine. Suala ni kile kilichotiwa giza. Manyoya ya simba yakiachwa nje hakuna anayeumia, kwa kuwa kauli juu ya Juma ilihusu ushujaa wake na inabaki ilivyokuwa. Lakini mkono ukiachwa nje ya bembea, kauli yenyewe inabadilika kutoka "mambo haya yanafanywa na watu" kuwa "mambo haya hutokea". Hapo mstari baina ya umbuji na uongo unakuwa mwembamba. Schopenhauer, katika kitabu chake kikuu cha 1819, aliyafananisha maisha ya mwanadamu na pendulamu inayokwenda na kurudi kati ya maumivu na uchovu wa kukosa la kutaka. Ni taswira yenye nguvu, na mtu anaweza kuikubali au kuikataa kama falsafa ya nafsi. Ila haina mtu mwingine ndani yake. Mwanafalsafa anajizungumzia yeye na utashi wake. Hakuna anayetia ufunguo na hakuna aliyeshika kamba. Taswira hiyo ikihamishwa kutoka kwa nafsi hadi kwa taifa, upweke wake unageuka kuwa msamaha kwa wote waliokuwa na wajibu.

Methali zetu nazo haziko mbali na hatari hiyo. "Baada ya dhiki faraja" ni methali ya subira. Wagĩkũyũ wa Nyeri wana yao, "Gũtirĩ ũtukũ ũtakĩaga", yaani hakuna usiku usiokucha. Usiku hakika hukucha bila msaada wa mtu, na maji ya Bahari ya Hindi hujaa na kupwa kwa nguvu za mwezi na jua. Hizo ni zamu za kweli za maumbile. Lakini dhiki na faraja si usiku na mchana. Methali inaziazimia hakika isiyo yake, na kwa kuwa inazungumza na mtu aliye gizani, tunaisamehe.

Zamu yenye gharama

Ingekuwa kosa kudhani kwamba fikra za jadi za eneo hili zilijua tu zamu zinazojiendea. Mfano wa kinyume umo katika utaratibu wa ituika. Jomo Kenyatta anaueleza katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938: utawala wa nchi ulipokezanwa baina ya vizazi viwili, Mwangi na Maina, ambacho huitwa pia Irũngũ, kizazi kimoja kikiachia na kingine kikishika, kisha baada ya miaka thelathini au zaidi mambo yakageuka tena. Kwa umbo lake hii ni pendulamu ya kisiasa, huku Mwangi, kule Maina.

Lakini ituika haikuja kama alfajiri. Ilihitaji sherehe zilizochukua muda mrefu, michango ya mbuzi kutoka kwa kizazi kilichoingia, makubaliano ya wazee, na watu waliokuwa tayari kuachia. Gharama ilikuwa sehemu ya maana yake, kwa sababu kizazi kilichopokea kilijua kimelipia nini. Na mkono ulipozuiwa, zamu haikuja. Katika miaka ya 1920 kizazi cha Irũngũ kilijiandaa kupokea, na Kenyatta anaeleza kwamba serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku sherehe hizo. Hakuna uvutano uliokirudisha kilichozuiwa. Wanaoandika juu ya historia ya Kenya kwa lugha ya mawimbi na marejeo wangefaa kulitafakari jambo hili: jamii iliyokuwa na zamu katika muundo wake wa utawala haikuifikiria zamu hiyo kama jambo la maumbile. Iliifikiria kama deni.

Bembea ya Arege

Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, ambayo imesomwa katika shule za sekondari za Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, imeipa sitiari hii hadhira ambayo haijawahi kuipata. Maelfu ya wanafunzi wamefundishwa kueleza ufaafu wa anwani yake, na jibu lililozoeleka ni kwamba maisha ya wahusika hupanda na kushuka. Jibu hilo si la uongo, lakini ni la beseni la Nanyuki.

Tazama kinachotokea katika tamthilia. Sara na Yona walisimangwa kwa kukawia kupata watoto, na walipopata mabinti wakasimangwa kwa kukosa mvulana. Yona, aliyekuwa mwalimu, alizama katika ulevi, na mkewe akabeba uchungu wa nyumba hadi afya yake ikadhoofika. Huo ndio upande wa kushuka, na hakuna hata hatua moja yake iliyotokana na maumbile. Kila msukumo una mwenyewe: masimango yana vinywa, na kikombe kina mkono unaokiinua. Upande wa kupanda nao una mwenyewe. Neema, binti aliyesomeshwa katika jamii iliyomhesabu kuwa upungufu, ndiye anayegharamia matibabu ya mama yake, na gharama hiyo inaingia katika ndoa yake na Bunju na kuitikisa. Mtunzi hajaficha kamba. Ameonyesha ni nani anayesukuma, anasukuma kwa fedha ya nani, na nyumba ipi inayopungukiwa anaposukuma.

Ikisomwa hivyo, anwani ya Arege ni kali kuliko inavyofundishwa. Bembea inayorudi katika tamthilia hii inarudi kwa sababu kuna mtu aliyekubali kuumia mabega. Mwanafunzi anayeandika kwamba "maisha hupanda na kushuka" amemfuta Neema kwenye jibu lake, na mtahini anayempa alama zote amemsaidia kumfuta. Labda neno hili ni kali kwa walimu ambao wana madarasa makubwa na muda mfupi. Hata hivyo ufundishaji wa sitiari ndio mahali pa kwanza ambapo raia hujifunza kuuliza, au kutouliza, nani alifanya.

Kurudi Endarasha

Sasa sitiari inaweza kupelekwa mbele ya msiba uliotajwa mwanzoni. Ikiwa mioto ya mabweni ni bembea, basi iwe na sifa ya kwanza ya bembea, yaani usawa wa muda. Bombolulu, Machi 1998. Kyanguli, Machi 2001, ambako wavulana 67 walikufa. Moi Girls, Septemba 2017. Endarasha, Septemba 2024. Kati ya tukio na tukio kuna miaka 3, kisha 16, kisha 7, na hapo haijahesabiwa mioto midogo mingi, wala wa mwaka 1999 katika Shule ya Upili ya Nyeri ambao uliwaua viranja wanne. Hakuna mdundo hapo. Sababu nazo hazifanani, kwani mingine iliwashwa kwa makusudi na wanafunzi na mingine haikuwashwa hivyo. Anayeona pendulamu katika orodha hii ameileta mwenyewe.

Kinachofanana na pendulamu ni kitu kingine, nacho ni ghadhabu ya umma. Hiyo kweli husukumwa na msiba, hupaa, hurudi, na kila safari huwa ndogo kuliko iliyotangulia, hadi inasimama. Ni pendulamu ya fizikia kamili, yenye msuguano wake, na isiyo na mtu wa kuitia ufunguo. Sitiari iliyokuwa ya uongo ilipotumiwa kuelezea moto inakuwa ya kweli inapotumiwa kuelezea usahaulifu wetu, kwa sharti kwamba itumiwe nzima.

Hapa ndipo swali la haki ya kusema linapopata jibu lake. Mama wa Kieni anayejiambia kwamba baada ya dhiki kuna faraja hana wa kumuuliza lolote. Yuko juu ya bembea na neno ni lake. Ni njia yake ya kuamka asubuhi. Jirani anayekaa naye usiku na kumbembeleza kwa maneno hayo hayo ana haki pia, kwa sababu amekuja na mwili wake na usingizi wake ameuacha nyumbani. Lakini neno hilo likitoka kwa aliyekabidhiwa kamba, awe mwenye kukagua, mwenye kutoa leseni, mwenye kujenga au mwenye kulipwa karo, linageuka. Kwake yeye kusema kwamba mambo huja na kupita ni kujitangaza kuwa mtazamaji wa kitu ambacho mkono wake ulipaswa kukizuia. Maneno ni yale yale, methali ni ile ile, na uadilifu wake umebadilika kwa sababu msemaji amebadilika. Uhakiki unaoishia kwenye maana ya sitiari bila kuuliza nafasi ya msemaji hauwezi kuiona tofauti hii, na tofauti hii ndiyo kiini cha jambo.

Sarufi ya Kiswahili, kwa bahati njema, inaijua. Moto huzuka, lakini mtu huzua. Taa huwaka, lakini mtu huwasha. Nyumba huteketea, lakini kuna kinachoiteketeza. Mtoto hubembea, lakini kuna anayembembesha. Viambishi vichache tu vinatenganisha ulimwengu wa mambo yanayojiendea na ulimwengu wa mambo yanayotendwa. Habari za misiba katika magazeti na redio huandikwa karibu zote kwa kundi la kwanza la vitenzi: moto ulizuka, bweni liliteketea, maisha yalipotea. Mara nyingi ni tahadhari ya haki, kwa kuwa uchunguzi haujakamilika na mwandishi hataki kumhukumu mtu. Tatizo ni pale uchunguzi unapokamilika na vitenzi vikabaki vile vile.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwaka 2008 mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Si kazi ya fasihi na hakuna atakayeiweka katika orodha ya vitabu teule, lakini ukurasa wake wa mabweni unastahili kusomwa kando ya tamthilia ya Arege, kwa sababu hauna sitiari hata moja. Milango ya bweni ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwekwe vyuma. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na ujia usipungue mita 2. Mwishoni mwa mwaka 2024, miezi michache baada ya Endarasha na miaka 16 baada ya mwongozo huo kuchapishwa, ukaguzi ulifanywa na sehemu za bweni za mamia ya shule za msingi zikaamriwa kufungwa kwa kutofikia viwango hivyo.